Dubwana na Binadamu Katika Filamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila filamu mpya ya Godzilla au ya Kong inapotoka, ubishi huwa ule ule: wengine husema watu walikuwa wengi mno na dubwana kidogo mno, wengine husema walichoka kutazama magorofa yakianguka bila kujua wamlilie nani. Ukurasa huu unakusanya maswali ambayo hurudiwa zaidi kuhusu mizani hiyo. Msomaji aelewe tangu sasa kwamba baadhi ya majibu yanafichua miisho ya filamu.

## Mambo ya msingi

1. Tunaposema filamu ya dubwana, tunamaanisha filamu ya namna gani?

Tunamaanisha filamu yenye kiumbe mkubwa kiasi kwamba mtu mmoja, au hata jeshi zima, hana ubavu wa kumkabili kwa njia za kawaida, na ambaye ukubwa wake ndio tatizo lenyewe la hadithi. Wajapani huita kiumbe wa aina hii kaiju, yaani mnyama wa ajabu, na neno hilo limesambaa duniani pamoja na filamu zao. Nguzo za mwanzo ni mbili: King Kong ya Marekani ya mwaka 1933, na Godzilla ya kampuni ya Toho, iliyoanza kuonyeshwa Japani tarehe 3 Novemba 1954 chini ya uongozaji wa Ishirō Honda. Papa wa Jaws (1975) na dinosaria wa Jurassic Park (1993) si kaiju kwa maana kamili, lakini watatajwa humu kwa sababu waongozaji wao walikumbana na mtihani ule ule.

2. Nimelipa kiingilio nione dubwana. Kwa nini nilazimishwe kusikiliza matatizo ya ndoa ya watu nisiowajua?

Lalamiko hili lina haki yake, ila mara nyingi limeelekezwa pasipo pake. Watu wapo kwanza kwa sababu ukubwa hauonekani pasipo kipimo. Mnyama wa mita 50 akisimama jangwani peke yake ni mjusi tu; akisimama nyuma ya dirisha la chumba ambamo mtu ameshika kikombe cha chai, hapo ndipo mtazamaji anapokaa sawa kitini. Sababu ya pili ni nzito zaidi: dubwana, kwa kawaida, haliamui. Huwezi kulishawishi, kuliaibisha wala kulitubisha, na hadithi isiyo na mtu wa kuamua hubaki kuwa taarifa ya maafa.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili kabla sinema haijazaliwa. Katika ngano ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliiandika kutoka kwa wasimulizi wa Zanzibar na kuichapisha mwaka 1870, paka wa sultani anaanza kwa kula kuku, anapanda hadi kwenye mifugo, kisha watu, mpaka anakuwa nunda mla watu. Kinachoibeba ngano hiyo si ukubwa wa nunda. Kinachoibeba ni baba anayekataa kumwua kwa hoja kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake, hadi siku wanawe wenyewe wanapoliwa. Na ni kijana mdogo anayekwenda kumsaka, ambaye kila akirudi na mnyama mkubwa kuliko wa jana, mama yake anamwambia kwamba siye huyo. Ukimwondoa mama yule unabaki na orodha ya wanyama waliouawa.

Kwa hiyo kasoro ya filamu nyingi si kwamba ndoa imo. Kasoro ni kwamba ndoa ile ingeweza kuvunjika au kupona vile vile hata kama dubwana lisingetoka baharini. Tazama swali la 4.

3. Je, kuna idadi ya dakika ambayo dubwana linapaswa kuonekana?

Hakuna. Dinosaria wa Jurassic Park huonekana kwa takriban dakika 15 katika filamu inayozidi saa mbili, na hakuna aliyetoka ukumbini akidai kapunjwa. Katika Godzilla ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Gareth Edwards, Godzilla huonekana kwa takriban dakika 10, na maelfu walilalamika. Kong wa mwaka 1933 hajitokezi hadi filamu imekaribia nusu, hata hivyo yeye ndiye anayekumbukwa. Anayehesabu dakika anapima chumvi kwa rula.

4. Ikiwa si kwa dakika, mizani hiyo hupimwaje?

Kwa kutafuta fundo, yaani mahali ambapo shida ya mtu na ujio wa dubwana vimefungwa kwa kamba moja. Jaribio lake ni jepesi. Mwondoe mtu: je, dubwana bado linakuja, linapigana na kuondoka vile vile? Liondoe dubwana: je, shida ya mtu bado ingekwisha kwa namna ile ile? Ukijibu ndiyo mara zote mbili, una filamu mbili zilizoshonwa pamoja kwa uzi mbovu.

Mfano bora hadi leo ni ule wa Godzilla ya mwaka 1954. Ukiisikia kwa muhtasari, utasema ni mapenzi ya pembetatu tu: Emiko anatarajiwa kuolewa na Daktari Serizawa, mwanasayansi aliyepoteza jicho vitani, lakini moyo wake uko kwa Ogata. Siku anayokwenda kwa Serizawa kumwambia ukweli, Serizawa anamwonyesha siri yake kabla hajafungua kinywa: anatia kitu kidogo ndani ya tangi la samaki, na samaki wanageuka mifupa. Amegundua kifaa kinachoharibu oksijeni ya maji, na anamwapisha Emiko asimwambie yeyote, kwa kuwa anaogopa wanasiasa watakifanya silaha kama walivyofanya bomu la atomiki. Emiko anarudi nyumbani na siri mbili badala ya moja.

Godzilla anapoiteketeza Tokyo, Emiko anahudumia majeruhi hospitalini, ambako daktari anampitishia mtoto kipimo cha mionzi kisha anatikisa kichwa. Hapo anavunja kiapo, na anamvunjia mchumba yule yule ambaye tayari alikuwa amekusudia kumwacha. Serizawa anakubali baada ya kuona kwenye televisheni wasichana wakiimba sala ya amani. Anachoma karatasi zake zote, anashuka baharini pamoja na Ogata, na baada ya kifaa kufanya kazi anakata mpira wake wa hewa ili ujuzi huo ufe pamoja naye. Hakuna uzi hata mmoja wa mapenzi yale unaoweza kuung'oa bila Godzilla kubaki hai. Dubwana linauawa na kiapo kilichovunjwa.

## Wahusika

5. Mbona watu wengi katika filamu hizi hatukumbuki hata majina yao?

Kwa sababu wamepewa kazi badala ya haja. Mmoja ni askari, mwingine mwanasayansi, mwingine mwandishi wa habari, na kila mmoja anafanya kile ambacho mtu yeyote wa kazi hiyo angefanya. Mwandikaji akigundua upungufu huo, hutia picha ya mke na mtoto katika pochi na kudhani amemaliza.

Ugonjwa wa pili ni wa mhusika-kamera, yule ambaye kazi yake ni kuwa mahali dubwana linapotokea. Ford Brody, askari wa filamu ya 2014, yuko Japani dubwana linapoamka, yuko Honolulu linapopita, na yuko San Francisco linapopigana. Anafanya mambo ya maana, likiwemo kuteketeza mayai ya madubwana hasimu, lakini mtazamaji anahisi kwamba yeye anasafirishwa na ratiba na si na moyo wake. Linganisha na Koichi Shikishima wa Godzilla Minus One (2023), rubani aliyepewa amri ya kujilipua vitani akaikwepa kwa kusingizia hitilafu ya ndege. Usiku Godzilla anapoivamia kambi ya kisiwa cha Odo, Shikishima anaketi ndani ya ndege yake, mkono kwenye bunduki, na hawezi kufyatua. Mafundi wanakufa. Fundi mkuu aliyesalia anamkabidhi picha za familia za wale waliokufa, na mtazamaji hahitaji tena kuambiwa kwa nini mtu huyu hawezi kumwoa mwanamke anayeishi naye nyumba moja, wala kwa nini, Godzilla anaporudi, anaomba ndege. Picha za familia ni zile zile za kwenye pochi. Tofauti ni kwamba hapa si za mke wake. Ni deni.

6. Ni kosa kumwua mapema mhusika anayependwa?

Sisi tuliolelewa na vibanda vya video tuna sheria yetu: steringi hafi. Hivyo filamu ya 2014 ilipomwua Joe Brody, baba aliyeigizwa na Bryan Cranston, kabla hata Godzilla hajaonekana vizuri, watu wengi walihisi wametapeliwa, hasa kwa kuwa trela ilikuwa imemweka yeye mbele.

Kifo chenyewe si kosa. Kosa ni kwamba fundo lote lilikuwa kwake: ndiye aliyefunga mlango wa mtambo wa nyuklia huku mkewe akiwa upande wa pili, na ndiye aliyetumia miaka 15 kutafuta kilichomwua. Alipokufa, kamba haikukabidhiwa kwa mwanawe; ilikatwa. Mwana aliendelea na safari yake ya kurudi kwa mke na mtoto, jambo jema lakini lisilo na uhusiano na kile baba alichokuwa akikitafuta. Ukitaka kumwua steringi wako katikati ya filamu, hakikisha aliyebaki anaurithi ule ugonjwa.

7. Je, lazima mhusika awe na mke, mume au mtoto ndipo tumjali?

La. Mtu anayekumbukwa zaidi katika Kong: Skull Island (2017) ni Hank Marlow, rubani wa Marekani aliyeangukia kisiwani mwaka 1944 na kukwama humo hadi mwaka 1973. Ana mke aliyemwacha nyumbani, ndiyo, lakini tunampenda kwa sababu anauliza vita viliishaje, na kwa sababu ya upanga wa rafiki yake Mjapani ambaye mwanzoni alikuwa adui yake. Haja ndogo iliyo wazi inashinda familia kubwa isiyo na sura.

8. Mwanasayansi anayekuja kueleza kila kitu anaweza kuepukwa?

Mara chache, kwa sababu lazima mtu fulani aseme dubwana limetoka wapi. Kinachowezekana ni kumpa msimamo. Daktari Yamane wa mwaka 1954 anaeleza asili ya Godzilla, lakini pia anakataa auawe, kwa kuwa anataka kujua kiumbe huyo alinusurikaje na mionzi. Maelezo yake yote yanakuwa mabishano. Na wakati mwingine kitu kimoja mkononi kinatosha. Mwanasayansi aliyeigizwa na Ken Watanabe katika filamu ya 2014 anamwonyesha admirali wa Marekani saa ya marehemu baba yake, iliyosimama saa 2:15 asubuhi. Admirali anataja Hiroshima. Mazungumzo kuhusu bomu la nyuklia yanaishia hapo, na ndiyo dakika bora ya filamu nzima isiyo na dubwana ndani yake.

## Vishindo

9. Dubwana lionyeshwe mapema au lifichwe?

Kuficha kumekuwa kama dini tangu Jaws, na ni vyema kukumbuka kwamba Spielberg alisukumwa huko na shida: papa wa mitambo alikuwa akiharibika kila mara baharini, ikabidi woga ubebwe na muziki na mapipa yanayoelea. Njia hiyo inafaa pale ambapo hofu ya hadithi ni kutojua.

Bong Joon-ho alifanya kinyume katika The Host (2006). Dubwana la Mto Han linatoka mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja kupumzika kando ya mto, kabla filamu haijamaliza robo saa ya pili. Katika vurumai ile, Gang-du, baba mzembe wa kibanda cha vitafunwa, anamshika mkono binti yake na kukimbia. Akigeuka anakuta amemshika mtoto wa mwenziwe, na binti yake yuko nyuma, tayari ananyakuliwa. Kuanzia hapo filamu haihitaji kuficha sura ya mnyama, maana swali si tena "limefananaje?" bali "mtoto yuko wapi?" Kinachofaa kufichwa, basi, hutegemea swali ambalo mtazamaji ameachiwa.

10. Kwa nini dubwana la zamani, ambalo ni mtu ndani ya vazi, mara nyingine huonekana zito kuliko la kompyuta?

Kwa sababu kamera ilijua mahali pake. Eiji Tsuburaya, bingwa wa madoido wa Toho, alimvisha Haruo Nakajima vazi zito la Godzilla na kumtembeza katikati ya mji wa nyumba ndogo za mfano, akipiga picha kwa kasi kubwa kuliko kawaida ili zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida kila hatua ichelewe, kama inavyochelewa kila kitu kikubwa. Kamera iliwekwa chini, usawa wa mtu aliye barabarani. Hata sauti ilikuwa na uzito wa kitu halisi: ngurumo ya Godzilla ilipatikana kwa kusugua glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu kwenye nyuzi za zeze kubwa lililolegezwa.

Kompyuta iliiachia kamera iruke popote, na hapo uzito ukapotea. Kamera ikizunguka kichwani mwa dubwana kama nzi, mtazamaji anapata kulijua dubwana na kuacha kulihofia. Waongozaji wenye akili hujinyima uhuru huo. Cloverfield (2008) ilimpa kamera yote kijana mmoja anayekimbia. Guillermo del Toro, ambaye katika Pacific Rim (2013) hakuwa bahili wa mapigano, alishusha kamera mara moja kwa makusudi: Mako, ambaye baadaye huendesha roboti la vita, akiwa mtoto, koti la buluu, mtaa mtupu wa Tokyo, majivu yanaanguka, na kiatu kimoja chekundu kiko mkononi badala ya mguuni. Dubwana linapita kwenye kona. Mapigano yote ya roboti ya filamu ile, na ni mengi, yanasimama juu ya kiatu hicho.

11. Je, ni halali kukatiza pambano ili kurudi kwa watu?

Ni halali ikiwa tunarudi kwa mtu ambaye matokeo ya pambano yanamgusa saa ile ile. Filamu ya 2014 ilikatiza pambano la Honolulu mara tu Godzilla alipounguruma, ikatuonyesha mabaki yake kwenye televisheni ya sebuleni mbele ya mtoto. Wapo wanaosifu uthubutu huo. Kwa maoni yangu, utani ule ungefaa kwa mara moja; uliporudiwa ulianza kufanana na mwenye duka anayefunga mlango kila ukifika.

## Hali za pembeni

12. Je, inawezekana filamu ikakosa steringi kabisa?

Inawezekana, na Shin Godzilla (2016) ya Hideaki Anno na Shinji Higuchi ni ushahidi. Yaguchi, ofisa kijana serikalini, ndiye aliye karibu na kuwa mhusika mkuu, lakini hatumjui nyumbani kwake wala usingizini. Badala yake tunapewa makumi ya maofisa, kila mmoja na jina na cheo chake kimeandikwa kwenye skrini, wakihama kutoka chumba kimoja cha mkutano hadi kingine huku mnyama akipanda mto. Mhusika ni serikali yenyewe, na haja yake ni kupata mtu wa kutia sahihi.

Fundo lake linaonekana wazi pale helikopta zinapokuwa tayari kufyatua risasi za kwanza, na rubani anaona wazee wawili, mmoja kabebwa na mwenziwe mgongoni, wakivuka njia ya reli. Swali linapanda ngazi kwa ngazi hadi kwa waziri mkuu, naye anasitisha shambulio. Ni sekunde chache tu, wazee hao hatuwaoni tena, na mji unalipa gharama ya huruma hiyo. Wajapani waliotazama filamu hiyo walikuwa wametoka kwenye tetemeko, tsunami na ajali ya nyuklia ya Fukushima ya Machi 2011, na walipoona mwishoni malori ya kusukuma zege yakimnywesha Godzilla dawa, hawakuhitaji maelezo: malori ya aina hiyo ndiyo yaliyotumika kumwagia maji vinu vya Fukushima.

13. Na dubwana lenyewe likiwa ndilo steringi?

Hapo binadamu wanaweza kupungua bila hasara, kwa sharti kwamba dubwana lipewe haja ndogo, za mwilini. Kong wa mwaka 1933, ambaye kwa sehemu kubwa alikuwa sanamu ndogo iliyosogezwa kidogo kidogo na Willis O'Brien na kupigwa picha moja moja, anagusa majeraha yake juu ya Empire State na kutazama damu kana kwamba haamini. Katika Godzilla x Kong: The New Empire (2024), Kong anaumwa jino, na kuna sehemu ndefu za filamu hiyo zinazokwenda kwa ishara na nyuso za nyani bila neno. Sehemu hizo zinashinda kila mazungumzo ya binadamu waliokuja kueleza ramani.

Jia, msichana kiziwi anayezungumza na Kong kwa lugha ya ishara, ameigizwa na Kaylee Hottle ambaye mwenyewe ni kiziwi. Yeye anafanya kazi kwa sababu ni mtu pekee anayempa Kong kitu ambacho vishindo haviwezi kumpa.

14. Filamu inatakiwa ifanye nini na maelfu wanaokufa magorofani?

Angalau ikiri kwamba wamekufa. Filamu nyingi huupita mji kama uwanja wa mieleka, kisha shujaa anakumbatiana na mkewe juu ya kifusi. Honda, mwaka 1954, alisimama kidogo barabarani na mama aliyejikunja na watoto wake chini ya jengo, akiwaambia kwamba muda si mrefu watakuwa pamoja na baba yao. Mtazamaji wa Kijapani wa miaka ile hakuhitaji kuelezwa baba yao alikokufa.

Aliyelifikisha suala hili mbali zaidi ni Shusuke Kaneko katika filamu ya tatu ya mfululizo wake wa Gamera (1999). Msichana Ayana anamchukia Gamera, kobe mkubwa aliye mlinzi wa dunia, kwa kuwa wazazi wake waliuawa na Gamera huyo huyo wakati akipigana kuiokoa Tokyo katika filamu ya mwaka 1995. Chuki hiyo inalea dubwana jipya. Tulioshangilia pambano lile la mwanzo tunaambiwa, kwa kuchelewa kwa miaka minne, nani alikuwa ndani ya jengo.

15. Vichekesho vinaharibu mizani?

Vinaiharibu vikitumika kuomba radhi kwa dubwana, yaani mhusika akitania ili tujue kwamba hata yeye anaona mambo haya ni ya kitoto. Vikitoka kwenye tabia za watu, havidhuru. Katika The Host familia inamlilia binti yao mbele ya madhabahu ya pamoja ya marehemu, inalia mpaka inaangushana na kugaragara sakafuni huku waandishi wa habari wakipiga picha. Unacheka, na dakika hiyo hiyo unaona aibu, kwa sababu umewahi kuwa msibani na umeyaona.

16. Mbona filamu ile ile ikitazamwa kibandani, na mtafsiri akizungumza juu yake, mizani hubadilika?

Kwa sababu mtafsiri ni mhusika wa ziada. Madijei wa filamu wa Tanzania na Kenya, kama wenzao wa Uganda wanaotafsiri kwa Kiganda, hawatafsiri tu. Huwapa watu majina, huwatania, na hujaza ukimya. Matokeo yake ni kinyume cha yale ya ukumbi wa kawaida: sehemu za mazungumzo, ambazo mtazamaji wa kwingineko huzisinzia, ndizo mtafsiri anazozichangamsha, na dubwana linapofika yeye huzidiwa na kelele za spika. Wahusika dhaifu hupona kabisa kwa dawa hiyo. Wanaoumia ni wahusika wazuri wa kimya. Saa iliyosimama ya jibu la 8 haina nafasi kama mtu anazungumza juu yake.

17. Toleo la Marekani la Godzilla ya kwanza lilipoteza nini?

Lilipoteza fundo kwa sehemu. Mwaka 1956 Wamarekani walikata dakika nyingi za filamu ya Honda na kuchomeka mwandishi wa habari aliyeigizwa na Raymond Burr, akitazama na kusimulia. Vishindo vilibaki. Lakini Emiko na Serizawa wakawa watu wanaoonekana kupitia dirisha la mgeni, na habari za mionzi zikapunguzwa makali, ilhali filamu ya asili ilitoka miezi minane tu baada ya wavuvi 23 wa meli ya Daigo Fukuryū Maru kuangukiwa na majivu ya jaribio la bomu la Marekani kule Bikini, tarehe 1 Machi 1954. Ni mhusika-kamera wa jibu la 5, ila huyu aliongezwa baada ya filamu kumalizika.

18. Je, bajeti ndogo inaweza kutoa filamu ya dubwana yenye mizani?

Inaweza, na mara nyingine umaskini ndio unaoilazimisha mizani. Gareth Edwards alitengeneza Monsters (2010) akiwa na waigizaji wakuu wawili na kundi dogo la wasafiri, na madoido akayafanya mwenyewe kwenye kompyuta yake. Minus One ilitengenezwa kwa chini ya dola milioni 15 za Marekani. Takashi Yamazaki aliiandika, akaiongoza na kusimamia madoido yake, akiwa na wasanii 35 waliokamilisha picha 610, na Machi 2024 wakashinda Oscar ya madoido. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye kamera moja, somo si kwamba kompyuta imekuwa rahisi. Ni kwamba onyesho la rubani aliyeketi asiweze kufyatua linahitaji kiti, giza na mwigizaji.

19. Nianze na filamu zipi, na mtoto wa miaka saba nimwonyeshe ipi?

Mtu mzima aanze na ile ya 1954 kwa Kijapani, kisha The Host, kisha Minus One. Shin Godzilla ingoje mpaka umezoea, au mpaka umewahi kukaa kwenye mkutano wa ofisi uliohamishwa chumba mara tatu. Mtoto usimwanzishe na ya 1954. Onyesho la hospitali litamlaza macho. Mpe Mothra dhidi ya Godzilla ya mwaka 1964, ambamo wanawake pacha wadogo kama wanasesere wanaimba, na viwavi wawili wanamfunga Godzilla kwa nyuzi za hariri hadi anaanguka baharini. Atakuuliza viwavi hao wanakula nini.